UZI: Mashindano ya pinboli Mwananyamala, na mashine iliyoitwa dubwi kabla haijawashwa

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Niliahidi nitasimulia, na leo mvua imefunga wateja wote majumbani, kwa hiyo muda ninao.

Nina banda la gemu Mwananyamala, Dar es Salaam. Mashine nne za PlayStation (PS), meza moja ya pool, benchi la wanaosubiri na feni inayozunguka ikijisikia. Mwaka jana mwishoni dalali mmoja akanipigia kwamba kuna familia ya wageni Msasani inarudi kwao, inauza vitu vya ndani: friji, makochi, vitanda na "meza fulani ya kioo ina taa, sijui ni ya nini." Mimi nilifuata friji. Nilirudi na meza, laki tatu na nusu, pamoja na hela ya kirikuu na vijana wanne wa kubeba.

Ni pinboli. Ya Gottlieb, kampuni ya Chicago, ya miaka ya 1970, ya wachezaji wawili. Haina kompyuta hata chembe. Ukifungua nyuma unakuta nyaya za kuvikwa kitambaa, relei (swichi zinazoendeshwa na umeme) zimepangana kama meno, na magurudumu ya namba yanayogeuka moja moja ukifunga pointi. Chini kuna kengele tatu za chuma, kila moja na sauti yake.

Kwa ambao hamjaiona: meza imeinama kuja upande wako. Unavuta springi, unaachia, gololi ya chuma inapanda mpaka juu, halafu inashuka ikigonga kila kilicho njiani. Wewe una vitufe viwili ubavuni, kulia na kushoto, vinavyorusha vimkono viwili vifupi huku chini. Vijana wangu waliviita vikofi, na jina limeganda. Gololi ikipita katikati ya vikofi, imezama. Ikizama mara tano, umekwisha.

Nilipoishusha kwenye kirikuu, kabla hata sijatafuta pa kuchomeka, mama mmoja jirani alisimama na ndoo yake kichwani akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Ameleta dubwi." Yaani mashine ya kamari.

Naendelea baadaye kidogo.

#2 Mdau wa Mbagala

Nimekaa pale. Lete vitu.

#3 Mdau wa Kimara

Chai hii. Pinboli Mwananyamala? Weka picha.

#4 Mleta uzi

Mkuu wa Kimara, picha siweki, banda lina watoto wa watu. Njoo ushuke Mwananyamala uone kwa macho, soda juu yangu.

Tuendelee na ufundi, maana najua humu wapo wa kuuliza.

Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120, mizunguko 60 kwa sekunde. Sisi ni 230 na 50. Mdogo wangu hakulijua hilo. Aliona plagi haiingii, akatafuta adapta, akachomeka. Mlio mmoja, fyuzi imekwenda. Nashukuru ilikuwa fyuzi tu. Nikaenda Kariakoo nikanunua transfoma ya kushusha, ile nzito ya kubeba kwa mikono miwili, na ikawaka. Kwa sababu mizunguko yetu ni 50, mota ya kuhesabia pointi inazunguka polepole kuliko ilivyozaliwa, pungufu ya moja ya sita hivi. Bonasi ikihesabiwa unasikia ti… ti… ti… kama mtu anayehesabu chenji ambayo hataki kukupa.

Msasani ni jirani na bahari, na chumvi haina huruma. Ncha za relei zilikuwa na kutu ya kijani. Nilikaa nazo usiku tatu na tupa ya kucha ya mke wangu, ambayo mpaka leo ananidai.

Kazi kubwa ilikuwa kofi la kulia. Koili yake ilikuwa imeungua, imekauka rangi ya kahawa. Niliipeleka Gerezani kwa wazee wanaosuka mota. Mzee akaifungua taratibu, akatoa waya wa kwanza, mnene, akahesabu mizunguko akiandika kwenye ubao wa boksi. Halafu akakuta waya wa pili, mwembamba kama unywele, mrefu kupita kiasi. Akaniangalia. "Huyu wa pili anafanya nini?"

Nilikuja kuelewa siku mbili baadaye nikiwa nimelala chini ya meza na tochi mdomoni. Waya mnene ndio unaopiga, kwa nguvu, kufumba na kufumbua. Kofi likifika mwisho wa safari linasukuma kiswichi kidogo, na hapo umeme unalazimika kupita kwenye waya mwembamba, ambao kazi yake ni kulishikilia tu lisishuke. Ndiyo maana unaweza kubana kitufe hata dakika nzima na koili isiungue. Yangu ncha za kiswichi zilikuwa zimegandana, kwa hiyo waya mnene ulikuwa unakula umeme wakati wote. Mzee nilipomrudishia habari hiyo alifurahi kuliko hela niliyompa.

#5 Mdau wa Tabata

Mkuu umenikumbusha starta ya gari, ile solenoidi ina kuvuta na kushika vilevile. Koili mbili, kazi mbili. Endelea.

#6 Mleta uzi

Hasa. Ungekuwepo nisingesumbuka siku mbili.

Sasa dubwi. Wenyeji mnajua, ila kwa wa mikoani: dubwi ni zile mashine za kubahatisha za mtaani, unaingiza sarafu, zinazunguka picha, unaliwa. Mtaa wetu umeumizwa nazo. Yupo kijana aliingiza mtaji wa mama yake wa vitumbua, wote, asubuhi moja. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa alipokuja bandani na wajumbe wawili, sikumwona mbaya. Nilimpa kiti, shikamoo, marahaba, akaangalia ile tundu ya sarafu mlangoni mwa mashine kwa muda mrefu.

Nilimweleza kwamba tundu lile ni la sarafu za Kimarekani, hata mia mbili yetu haifanyi kazi, mimi nimeliziba na natoza kwa mkono kama PS. Na mashine haitoi kitu, inatoa kengele tu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Gololi inakwenda inakotaka au unakotaka wewe?"

Wakuu, lile ndilo swali lenyewe, na sikuwa na jibu zuri. Nikasema nitampa jibu kwa mashindano. Akakubali kwa masharti: hakuna kiingilio, hakuna zawadi ya pesa, hakuna mwanafunzi, na matokeo yote yaandikwe daftarini ayaone.

Zawadi nikaweka jogoo.

#7 Mdau wa Upanga

Mwenyekiti wenu ana akili kuliko mnavyodhani, na swali lake lina historia ndefu.

New York waliipiga marufuku pinboli mwaka 1942 chini ya meya Fiorello La Guardia. Polisi walikuwa wanazivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Marufuku ikadumu mpaka 1976. Watu wa leo wanacheka, lakini angalieni tarehe. Vikofi vilikuja 1947, kwenye mashine ya Gottlieb iliyoitwa Humpty Dumpty, ilikuwa navyo sita. Maana yake La Guardia alipiga marufuku mashine ambayo ukishaachia springi umebaki kuisukumasukuma na kuomba Mungu. Kwa mashine ile hakuwa amekosea sana. Kosa lilikuwa kuendelea na marufuku miaka 29 baada ya vikofi kuja.

Aliyeimaliza ni mwandishi mmoja, Roger Sharpe. Aliitwa mbele ya kamati ya baraza la jiji mwaka 1976, akacheza, halafu akawaambia gololi hii naipitisha njia ya katikati pale juu. Akavuta springi. Ikapita. Marufuku ikaondolewa.

#8 Mleta uzi

Mkuu wa Upanga, hiyo ya Sharpe nilikuwa naijua, na nikajifanya mjanja. Siku mwenyekiti alipokuja mara ya pili nilimwambia angalia, naipitisha njia ya kushoto. Nikavuta. Gololi ikaenda kulia, ikagonga kengele moja, ikazama. Mjumbe mmoja alitoka nje kwenda kucheka.

#9 Mdau wa Kimara

😂😂 Sasa naanza kuamini, mtu wa chai hajisimulii hivi.

#10 Mdau wa Upanga

Hata ingepita isingethibitisha kitu. Pigo moja si ushahidi, hata la Sharpe. Mashindano ndiyo ushahidi.

#11 Mleta uzi

Ndiyo maana tuliyafanya. Jumamosi, saa nne asubuhi.

Nusura yasifanyike. Mashine hizi za zamani, kama yangu, zina gololi MOJA tu. Inazama, inarudi, unaipiga tena, hiyohiyo. Ijumaa usiku nafungua kioo nifute vumbi, simu ikaita, nikageuka. Nikirudi gololi haipo. Mpaka leo sijui nani. Jumamosi saa moja asubuhi niko kwa wauza vyuma chakavu na kipimo cha fundi mchongaji mkononi, napima gololi za beringi kuukuu kama mtu anayechagua nyanya. Inatakiwa inchi moja na moja ya kumi na sita, yaani milimita 27 kasoro nywele, gramu 80. Ya inchi moja kamili zilikuwa nyingi, nikazikataa. Saa mbili na nusu nikapata moja. Muuzaji hakuelewa kwa nini nimemkumbatia.

Walikuja watu 12. Mfumo ni huu: wawili wawili kwa kura ya vikaratasi, anayefungwa anachorwa mstari daftarini, mistari mitatu unatoka. Mfumo huu una huruma, hakuna anayetoka kwa gololi moja ya mkosi.

Jogoo nilimfunga mguu wa meza ya pool. Kosa kubwa. Kila kengele ikilia naye anawika, na saa tano watu walikuwa hawajui ipi ni bonasi ipi ni jogoo.

Wa kwanza kutoka ni mabingwa wangu wawili wa PS. Vidole vyao vina kasi ya ajabu, na kasi ndiyo iliyowamaliza. Walikuwa wanapiga vikofi vyote viwili kwa pamoja, pa-pa-pa-pa, na ukiviinua vyote kwa pamoja unafungua njia pana katikati, gololi inapita kama mwendokasi. Mzee mmoja bingwa wa keramu alikuwa na pembe nzuri kuliko wote, akiipata gololi imetulia anaipeleka popote. Tatizo haikumtulia.

Kijana wa bodaboda yeye alicheza kwa kiuno. Gololi ikielekea kuzama anaisukuma mashine kidogo, kama anavyojipenyeza kwenye foleni ya njiapanda ya Morocco, na inabadili njia.

#12 Mdau wa Mbagala

Hapo si wizi huo? Kusukuma meza?

#13 Mleta uzi

Siyo wizi, ni sehemu ya mchezo, ila una mpaka. Ndani ya boksi kunaning'inia kijiti chenye kizito cha chuma, katikati ya pete. Ukisukuma kwa adabu kinayumba tu. Ukizidisha kinagusa pete, umeme unapita, taa zinazimika, vikofi vinalegea, gololi yako imepotea. Vijana wakaipa jina: mashine imezira. Asubuhi kabla ya mechi niliwafungulia wote wakaona kile kizito, maana nisingefanya hivyo kila aliyezirwa angesema nina rimoti mfukoni.

#14 Mdau wa Tabata

Na umeme haukukatika? Maana Jumamosi…

#15 Mleta uzi

Ulikatika saa saba, mechi ikiwa katikati, saa nzima. Na hapa mashine ya zamani ilinipa raha. PS zote nne zilipoteza kila kitu, vijana wakapiga kelele. Pinboli magurudumu yake ya namba yalibaki palepale yalipofikia, yako wazi unayasoma kwa tochi. Umeme uliporudi mashine ilijiona imemaliza mchezo, kwa hiyo tukaandika pointi za wote wawili, wakacheza gololi zilizobaki kwenye mchezo mpya, tukajumlisha. Hakuna aliyenung'unika.

Sasa mtu wangu. Nje ya banda anakaa fundi viatu, mtu wa makamo, mpole, alijiandikisha kwa sababu tulikosa wa 12. Mechi mbili za kwanza kafungwa zote. Mistari miwili, anasubiri wa tatu. Akakaa benchini akinyoosha mkono, maana asubuhi alikuwa ameshona buti la mlinzi.

Mechi ya tatu gololi inamshukia kofi la kulia, wote tunasubiri apige. Hakupiga. Aliiacha. Gololi ikadunda juu ya kofi lililolala, tup, ikaruka yenyewe mpaka upande wa kushoto, imepungua kasi. Akainua kofi la kushoto akalishikilia juu, gololi ikateleza ikakaa kwenye kona yake kimya. Banda zima kimya. Akavuta pumzi, akachagua pa kuipeleka, akalegeza, akapiga.

Nikamuuliza baadaye kaijulia wapi. Akasema, "Mkono ulikuwa umechoka."

Hakufungwa tena siku ile. Fainali ilikuwa yeye na bodaboda, ambaye naye alikuwa na mistari miwili. Gololi ya mwisho, bodaboda anaongoza 51,070 kwa 48,620 na ni zamu ya fundi kumaliza. Fundi akaibana, akapiga, akaibana, akapiga, kengele na jogoo, akafika 54,200 ikazama. Bodaboda akabakiza gololi moja. Alikuwa anahitaji elfu tatu na ushee tu. Amefika 53 na kidogo, gololi inaelekea shimoni, akaingiza kiuno. Mashine ikazira.

Mechi 35 jumla. Tulimaliza saa kumi na moja kasorobo.

#16 Mdau wa Kimara

35 imetokeaje? Watu 12 tu.

#17 Mdau wa Upanga

Hesabu yake ni sahihi. Kila mechi inazaa mstari mmoja. Waliotoka ni 11, mara mitatu, 33. Bingwa alibaki na miwili. 35.

#18 Mdau wa Tabata

Na fundi viatu kashinda ngapi mfululizo?

#19 Mleta uzi

Nane.

#20 Mdau wa Tabata

Basi imekwisha. Ukirusha shilingi, kupata kichwa mara nane mfululizo ni nafasi moja kati ya 256. Hapo hakuna bahati, mpeleke mwenyekiti hiyo.

#21 Mdau wa Upanga

Taratibu mkuu. Mfumo wa mistari mitatu LAZIMA uzae mtu wa mwisho, hata kwa bahati tupu. Watu 12 wangerusha shilingi kutwa, mmoja wao angebaki, na akiwa alifungwa mbili za mwanzo basi zilizobaki zote kashinda. Bingwa peke yake hathibitishi kitu.

#22 Mleta uzi

Wakuu, mnajua mwenyekiti alisema nini? Jumapili nilimpelekea daftari nyumbani. Akavaa miwani, akapitia kurasa zote, akafuata majina kwa kidole. Nikamwonyesha zile nane kama mkuu wa Tabata. Akanirudishia daftari. "Warudie. Watu walewale."

#23 Mdau wa Upanga

Mpe huyo mzee uprofesa.

#24 Mleta uzi

Tulirudia Jumamosi iliyofuata. Walewale 12, gololi ileile, jogoo mwingine, safari hii nimemfungia uani.

Bodaboda kachukua. Hakuzirwa hata mara moja, wiki nzima alikuwa anapitia usiku akitoka kazini kujifunza kusukuma kwa kipimo. Fundi viatu wa pili. Mzee wa keramu wa tatu, ambaye mara ya kwanza alikuwa wa nne. Mabingwa wa PS wametoka tena mapema, mmoja wa mwisho kabisa, mwingine wa kumi. Siku hizi wanasema mashine ina ubaguzi.

Mwenyekiti alikuwepo tangu saa nne, kwenye benchi, na kahawa yake. Hakucheza, nilimwomba akakataa. Mwisho akaweka madaftari mawili pamoja mapajani, wiki ya kwanza na ya pili, akalinganisha juu na juu, chini na chini. Akasimama.

"Si dubwi. Lakini hizo kengele mwisho saa mbili usiku, nina wagonjwa mtaani."

Nimebandika hilo ukutani kwa maandishi yake na muhuri. Yule mama wa ndoo ameshakuja mara mbili kuangalia, hajauliza bei bado.

#25 Mdau wa Mbagala

Mzunguko wa tatu lini? Na ule mpira unaovalishwa vikofi unatoa wapi, maana ule lazima ukauke na joto letu.

#26 Mleta uzi

Mwezi ujao mwanzoni. Mipira nilijaribu oringi nyeusi za dukani kwa spea za magari, zinakaa lakini ni ngumu, gololi inadunda kama imekasirika, na zinaacha masizi mezani. Mwenye ndugu anayekuja kutoka nje anitafute, zile za kofi ni ndogo, zinaingia hata mfuko wa shati.

Wa Mbagala ukija, kura inaanza saa nne kamili. Na kama una gololi ya milimita 27 nyumbani, njoo nayo. Naogopa kugeuka simu ikiita.